Barsimu ya Mchangani

Kafr al-Tarfa, mwezi wa Hatur kwa kalenda ya wakulima (Tahani anasema ni tarehe 20 Novemba 1993)

Shawki,

Hivi barabara ya huko jangwani waliijenga ya kwenda tu, ya kurudi wakasahau? Tangu mpunga uko shambani sijaiona sura yako. Harusi ya binti wa Ghanim dereva imepita. Bata niliokuwekea nimewachinja, nimewala na watu wenye adabu ya kuja. Usidhani nililia. Nilikula na mifupa nikanyonya.

Anayeandika ni mkamwana wangu Tahani. Nimemwambia aandike maneno kama yanavyonitoka, asiyavalishe kanzu ya Ijumaa. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na punda.

Sasa nisikilize. Nilipokupa Nawara, sikukupa kwa sababu nimechoka kumkamua. Serikali imekugawia shamba la fadani tano za mchanga kwa kuwa una digrii ya biashara. Haya, pongezi. Lakini nyumba isiyo na maziwa ni kituo cha basi tu, mtu anakaa akiangalia saa. Nilikupa nyati wa maziwa ili ukae.

Nawara ana mimba, atazaa mwezi wa Baramhat, baridi ikiisha. Nyati mwenye mimba hali digrii, anakula barsimu, majani ya malisho: mabichi, ya kijani, mpaka ashibe. Kwa hiyo swali langu ni moja. Barsimu yako imeotaje? Kama haimshibishi, sema, nije nimchukue kabla mbavu zake hazijaanza kuonekana. Na nikimchukua Nawara, nakujua mimi niliyekulea, hutamaliza wiki. Utafunga mlango uende mjini kuuza soksi kama wenzako.

Nijibu. Usinijibu kwa salamu. Nijibu kwa majani.

Bibi yako Nabawiya, dole gumba lake hili hapa.


Kijiji cha Sita, Ardhi Mpya, 28 Novemba 1993

Bibi yangu mpenzi, nuru ya nyumba yetu,

Nakusalimu salamu nyingi kama matone ya mto, na baada ya salamu nakubusu mikono yote miwili, na baada ya mikono nakubusu kichwa. Msalimie mama mdogo Tahani, watoto, majirani wote, na Ghanim, na binti yake, na mume wa binti yake.

Nawara hajambo kabisa. Nimemjengea banda la makuti kuzuia upepo. Barsimu inaendelea vizuri kwa rehema za Mungu. Huku hatulimi kama nyumbani, bibi. Tuna mhandisi wa kilimo, Mhandisi Inshirah, anatufundisha. Mhandisi Inshirah ametupa unga mweusi kwenye mfuko, ndani yake mna vijidudu hai vinavyoishi kwenye mizizi ya barsimu na kuilisha kutoka hewani. Mhandisi Inshirah anasema mchanga wa jangwa haujawahi kuonja barsimu tangu dunia iumbwe, kwa hiyo hauna vijidudu hivyo, lazima tuupelekee. Na pamoja na unga huo tunatia mbolea ya chumvichumvi. Mhandisi Inshirah ni mtu mwerevu sana.

Kazi ni nyingi ndiyo maana sijaja. Nikipata nafasi nitakuja. Kama Ghanim anapita huku na pikapu, mpe mtungi wa jibini kongwe, ile inayouma ulimi.

Mjukuu wako mtiifu,
Shawki


Kafr al-Tarfa, Hatur imekaribia kwisha (5 Desemba)

Shawki,

Mtu anayesalimia hadi mume wa binti wa Ghanim ana kitu ameficha nyuma ya mgongo. Nilipomaliza kusomewa salamu zako chai yangu ilikuwa imepoa.

Ghanim alipita kwako na mzigo wa majani makavu ya mpunga. Ameniambia barsimu yako ni ya njano kama macho ya mgonjwa wa ini, imesimama urefu wa kidole, imechoka. Na Nawara anatafuna hayo majani makavu huku anaangalia upande wa nyumbani. Nilimuuliza, "Ghanim, nyati anajuaje upande wa nyumbani?" Akasema, "Mama, hata mimi nilikuwa naangalia huko huko."

Kisha huyu Inshirah. Kila mstari Inshirah. Ni binti wa nani? Anajua kukanda unga, au anajua huo unga wake mweusi tu? Kama kuna jambo, uje uniambie kiume, usilifungie kwenye mbolea.

Haya, shamba. Marehemu babu yako alipopata kipande kipya ng'ambo ya mfereji, ardhi ngumu isiyowahi kulimwa, barsimu ilimgeukia njano vile vile. Baba yake akamcheka, akamwambia, "Mwana, umewaita wageni nyumba haina watu." Wakabeba udongo kwa punda kutoka shamba la zamani la barsimu, wakaunyunyiza kule. Mwaka uliofuata punda huyo huyo alikuwa anapotelea ndani ya majani. Kwa nini iwe hivyo hatukujua, na hatukuuliza, tulikuwa na kazi.

Kwa hiyo nakuletea udongo. Nimeuchimba mwenyewe kwenye kona yangu nzuri karibu na gurudumu la maji, nimeuchekecha kwa mikono hii hii yenye yabisi, nimeushona kwenye magunia ili Ghanim asiumwage njiani kwa udereva wake ule. Jibini limo juu. Umwage udongo wote, umwagilie maji. Nawara akifika Amshir, miezi miwili ijayo, bado anatafuna majani makavu, namrudisha, na hutanitolea neno.

Bibi yako, dole gumba.


Kijiji cha Sita, 15 Desemba 1993

Bibi yangu,

Magunia yamefika, na jibini. Nimeyapokea kwa heshima, Ghanim ni shahidi.

Ni kweli, barsimu ya kwanza iligeuka njano. Nilikuficha kwa sababu nilijua utalala vibaya. Nisamehe. Nimeigeuza yote chini na kupanda upya, na udongo wako nimeumwaga shamba zima kama ulivyoagiza, kuanzia upande wa upepo. Sasa tunasubiri. Baridi ni kali, itachelewa kidogo.

Nawara anapata pumba na majani makavu, na asubuhi namtembeza kando ya mfereji achume anachokiona. Amepungua kidogo tu. Kwa macho ya mtu mwenye haki, kidogo tu.

Kuhusu Mhandisi Inshirah, bibi, ana wajukuu, na magoti yake yanalia kuliko yako. Akija shambani tunamwekea ndoo aikalie. Anatuita sisi sote "enyi makarani".

Shawki


Kijiji cha Sita, 1 Februari 1994

Bibi! Bibi!

Imeota. Si kuota kwa kutia moyo mtu, imeota kweli. Ni ya kijani iliyokolea, karibu nyeusi, majani mapana kama ya nyumbani. Niling'oa mmea mmoja nikausafisha kwenye ndoo. Mizizi imejaa vinundu kama ushanga, na ukikipasua kimoja kwa ukucha ndani kina rangi ya waridi. Mhandisi aliushika ule mzizi, akaugeuzageuza, akasema, "Karani, umefaulu."

Hii tuliyopanda Desemba ndiyo iliyoshika. Bado siikati, naiacha ijijenge, lakini pembeni namkatia Nawara konzi moja jioni. Jana alilamba mfuko wangu.

Udongo wako umefanya kazi, bibi. Waambie.

Shawki wako


Kafr al-Tarfa, Amshir, upepo unabeba nguo za watu (18 Februari, Ramadhani)

Mwanangu, kipenzi, kilemba cha babu yako,

Nimewaambia! Barua yako nimemsomesha Tahani mpaka ameishika kwa kichwa. Nimemsomesha uani, nimemsomesha kwenye tanuri la kuokea wakati wanawake wote wako pale, nimemsomesha mbele ya karani wa ushirika, yule anayetuuzia mbolea na kutuita "mama" kama anatutukana. Nikamwambia, "Sikia, baba. Jangwa la serikali limeamshwa na gunia la mwanamke asiyejua kusoma." Akainamia soda yake. Alikuwa hafungi huyo, nilimwona.

Nawara abaki. Nilisema Amshir, na Amshir imenijibu.

Sasa sikia mengine mazuri. Unajua akina mama ambao watoto wao wamepewa mchanga kama wewe. Mama Sabir, ambaye mwaka mzima hakunisalimu kwa sababu ya yule kuku tuliyegombania, alikuja mwenyewe na sahani ya vitamutamu vya kunafa. "Bi Nabawiya, nifanyeje na Sabir wangu?" Nikamfundisha. Achimbe, achekeche, ashone. Mama wa Abdel-Mawgud naye, na yule mjane wa nyumba ya njiwa. Kila mmoja anachimba kwake. Magunia yamepangwa ukutani kwangu kama mahujaji wanasubiri meli. La mama Sabir limekwisha tangulia na mzigo wa Ghanim, maana Sabir shamba lake si limepakana na lako? Mtaonana wenyewe, mnyunyizie pamoja.

Sikujua kwamba kitu ninachokikanyaga kila siku kitanipa heshima uzeeni. Nafungua saumu kwa jina lako kila jioni.

Bibi yako. Leo dole gumba limebonyea sana, wino umevuja. Ni furaha.


Kijiji cha Sita, 24 Februari 1994

Bibi,

Nakuomba Tahani akusomee hii mkiwa peke yenu.

Zuia magunia. Yote. Mtu yeyote asitume udongo huku, na aliyetuma aambiwe usimwagwe.

Udongo wako sikuumwaga. Magunia yako nyuma ya nyumba, yameshonwa vile vile. Nilipoyashusha, Mhandisi Inshirah aliyaona, akaniuliza yametoka wapi. Akaniambia udongo wa shamba la zamani una vijidudu vizuri, ndiyo, wazee wetu hawakukosea, lakini una pia mbegu za hamuli. Hamuli, bibi, unaijua: ule uzi wa njano usio na mizizi wala jani, unaojisokota kwenye barsimu na kuinyonya hadi kufa. Huku kwetu bado haijafika. Ikifika kwenye mchanga huu na maji haya ya kurushwa kwa bomba, itakula kijiji kizima, na hakuna atakayelisha hata mbuzi.

Nilitaka kukuambia. Kisha niliona ulivyoshona midomo ya yale magunia, sindano ya mkono, mshono juu ya mshono, nikakumbuka vidole vyako vilivyo. Nikaandika uongo. Nilidhani ni uongo wa kukaa mezani kwako tu, sikujua utatoka nje utembee kijijini.

Kilichootesha barsimu ni ule unga mweusi pamoja na mbolea. Na kosa la mwanzo lilikuwa langu. Unakumbuka ulivyonifundisha kuchanganya mbegu za barsimu na udongo mkavu, kwa kuwa ni ndogo mno, zisipochanganywa na kitu zinamwagika kwa mkupuo? Huku udongo sina. Nikatafuta cha kuchanganyia, nikaona mbolea ya fosfati ni chengachenga kama mchanga mweusi wa nyumbani. Nikatia mbegu, unga wenye vijidudu, na mbolea, vyote beseni moja, juani, nikakoroga. Mbolea ilivichoma vijidudu vyote kabla havijafika ardhini. Majani yalipogeuka njano nikaongeza mbolea ya yurea, yakawa kijani siku chache, yakarudi njano. Nilipong'oa, mzizi ulikuwa mtupu kama uzi wa kushonea.

Mara ya pili fosfati niliitia kwanza, nikaipindua chini kabisa. Siku nyingine, kivulini, nikalowesha mbegu kwa maji ya sukari, nikazivisha ule unga, nikapanda jua likiwa limelegea, nikamwagilia hapo hapo. Yurea nilitia kiganja tu, ya kuanzia, maana Mhandisi anasema mmea ukishibishwa na mbolea hautaki taabu ya kuvipokea vile vijidudu.

Sina cha kujitetea. Kuhusu Nawara, uamuzi ni wako.

Shawki


Kafr al-Tarfa, 6 Machi 1994

Shawki mwanangu,

Ni mimi Tahani, bibi hajui kama naandika. Nilimsomea barua yako chumbani. Aliniambia, "Soma tena pale pa magunia." Nikasoma. Akavaa shuka lake jeusi akatoka, na ilikuwa karibu na magharibi, futari iko jikoni. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Nilimfuata kwa mbali kwa sababu ya yale magoti.

Kwa mama Sabir mlango haukufunguliwa wote. Nilisikia, "Nabawiya, juzi udongo ni dawa, leo ni sumu? Kesho utatuambia nini, tuule?" Bibi akasema, "Nimekuja kukuambia nilikosea, wala sikuja kukuomba unipende." Mlango ukafungwa.

Magunia yaliyokuwa ukutani kwetu ameyarudisha yote. Anakamua, anaoka, anaswali. Nikikutaja anaangalia kuku. Sikukuu inakuja, nakusihi usije na keki za kununua ukidhani zitasaidia.

Tahani


Kafr al-Tarfa, Baramhat (20 Machi)

Shawki,

Hukuja sikukuu. Ulifanya vizuri, ningekupiga mbele ya wageni.

Tahani anaogopa kuandika, namwambia aandike. Umeniacha nikasimama mbele ya tanuri nikitangaza ushindi wa magunia yaliyolala nyuma ya nyumba yako. Yule karani wa ushirika sasa akiniona anauliza, "Mama, udongo leo unauzaje kilo?" Uso wangu una miaka mingi, mwanangu, umeshapigwa na mengi, lakini hili umenipiga wewe uliyenyonya magoti yangu ulipokuwa unaota meno.

Ulidhani vidole vyangu vinauma nikiambiwa kweli? Vinauma kwa baridi. Ungeniandikia, "Bibi, udongo wako una hamuli," ningekutukana wewe, ningemtukana huyo Inshirah na wajukuu wake, ningelala, na asubuhi ningekwenda shambani kuangalia. Ndivyo nilivyofanya sasa, ila nimechelewa. Nimeikagua ile kona yangu nzuri shina kwa shina. Siku zote nasema kwangu hakuna hamuli, hamuli ni ya mama Sabir. Nimeikuta. Uzi mmoja, mwembamba, umeshika mashina matatu. Huyo mhandisi wako hakusema uongo, na goti lake Mungu aliponye.

Na hilo beseni lako! Shawki, uliwahi kuniona natia chumvi juu ya chachu? Chachu inapewa maji ya uvuguvugu na unga kidogo, inafunikwa, inaachwa ipumue. Chumvi inakwenda kwenye unga mwingine, upande wake. Vikishakuwa donge vinapatana. Ukivikutanisha vikiwa vitupu, chumvi inaua chachu, unaoka jiwe. Miaka yote umekaa karibu na tanuri langu ukila, hukuona kitu? Digrii!

Sasa kazi.

La kwanza, gunia la mama Sabir. Nenda kwa Sabir leo. Si kesho. Akikutukana mwache atukane, lakini usitoke shambani kwake.

La pili, magunia yangu usiyamwage popote. Huo mchanga wenu haushikani, najua hamna tanuri, mnakula mikate ya serikali inayovunjika kama sahani. Kanda udongo wangu na majani makavu ya mpunga, ujenge tanuri, uliwashe moto siku nzima. Hamuli iliyomo iivie humo.

La tatu, Nawara. Maneno yako siyataki tena kuhusu Nawara. Namtuma Ghanim baada ya wiki mbili, aje na pikapu tupu na kamba. Nimemwambia asikusikilize, asiangalie shamba, asinywe chai kwanza. Amguse nyati mbavu, aangalie kinyesi chake na manyoya yake. Akimkuta amekonda, ampakie, akiwa na mtoto au bila mtoto, na wewe usishike hata kamba.

Nabawiya. Dole gumba.


Kijiji cha Sita, 7 Aprili 1994

Bibi,

Nakuandikia kwa kufuata mambo yalivyo, mabaya yakiwa mbele.

Nilikwenda kwa Sabir siku ile ile barua yako ilipofika; tangu Februari nilikuwa naona aibu kumkabili. Alikuwa ameshamwaga. Alinicheka, "Yaani bibi yako akikohoa, jangwa zima tufunike midomo?" Kisha akanikasirikia kweli, akasema nataka barsimu yangu iwe peke yake inayopendeza. Nilikaa kwenye tuta lake. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilikuwa nakagua mstari kwa mstari, yeye anapiga redio kwa makusudi.

Hamuli ilitokea. Mahali pamoja, karibu na bomba, kipande cha ukubwa wa mkeka. Sabir alipoiona alizima redio. Ni yeye aliyekimbia kumwita Mhandisi Inshirah, na mhandisi hakukalia ndoo safari hii. Tulikata barsimu yote ya pale na hatua kadhaa kuizunguka, hamuli ikiwa haijatoa ua hata moja, tukaikusanya bila kudondosha uzi, tukaichoma kwa majani makavu na mafuta ya taa. Wenye mashamba jirani walikuja wakasimama na kuangalia. Hakuna aliyesema neno baya juu yako. Mmoja aliuliza kama unaweza kuja kuwaambia wake zao habari ya chachu na chumvi, kwa maana nilipowaeleza kwa mfano wako walielewa haraka kuliko kwenye mikutano yote ya ofisi. Mhandisi Inshirah anasema ataanza kuutumia mfano huo, kwa idhini yako. Tutaendelea kukagua mpaka kiangazi. Siwezi kukuapia kwamba imekwisha. Naweza kukuapia kwamba tunaangalia.

Nilimuuliza mhandisi swali lililokuwa linanikereketa: vijidudu vya kwenye unga vinatoka wapi? Aliniambia vilichukuliwa kwenye vinundu vya barsimu ya mashamba ya zamani ya huko kwenu Delta, vikachaguliwa, vikasafishwa, vikazalishwa. Kwa hiyo babu alibeba nyumba nzima, pamoja na panya. Hawa wamebeba watu tu.

Tanuri limesimama. Limepinda kushoto. Mke wa Sabir ameoka humo, na mkate haukuvunjika.

Nawara amezaa asubuhi ya juzi, baada ya jua kutoka, nikiwa peke yangu naye. Miguu ilitangulia vizuri. Ni jike, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji. Barsimu nimeikata mkato wa kwanza kamili, na nyuma yake inachipua tena.

Ghanim alifika jana. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja bandani na kamba begani, akampapasa Nawara mbavu, akainama nyuma yake kwa muda mrefu, akanusa. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kusema mengi.

Yaliyobaki atakueleza mwenyewe.

Shawki


Kafr al-Tarfa, Baramuda (15 Aprili 1994)

Shawki,

Ghanim amerudi na pikapu tupu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti tangu asubuhi. Nilisikia gari kabla ya kuliona. Gari lililobeba nyati linalia kwa mzigo, hili lilikuwa linarukaruka kama mbuzi. Nikajua. Lakini nikamwacha ashuke, aseme. Nikamuuliza, "Mbavu?" Akasema, "Mama, nimezitafuta kwa mkono, sikuzipata." Nikamuuliza, "Kinyesi?" Akasema, "Cha nyati aliyeshiba kijani." Nikamuuliza, "Na yeye, yule mwingine?" Akasema, "Huyo mbavu nimeziona. Mlishe." Kamba aliirudisha, nikaitundika.

Basi. Nawara abaki, na mwanawe abaki. Barsimu ni yako, uliiotesha kwa unga wa huyo mama na kwa mbolea uliyojifunza kuiweka mahali pake, si kwa udongo wangu, na nimeyasema hayo kwa sauti mbele ya tanuri, wakati wanawake wote wako pale. Karani wa ushirika nimemfuata ofisini kwake, nikamweleza chachu na chumvi. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, "Shule ya mjukuu wangu." Hakucheka. Aliandika.

Mama Sabir amepata barua ya mwanawe. Alikuja hadi kwenye ukuta, akasema, "Nabawiya, yule kuku alikuwa wako kweli." Nikamwambia apite ndani. Hatukumzungumzia kuku.

Watu wa kwenu wananitaka nije kuwafundisha wake zao. Waambie magoti yangu yanasafiri wakati wa samli tu, Nawara akishamwachia mtoto ashibe na wewe ukapata cha kuchemsha. Nitakuja. Lakini kabla ya hapo utakuja wewe, maana mimi ndiye mkubwa.

Na ukija, nisikilize vizuri. Usipitie dukani. Usinibusu mkono, usinibusu kichwa, usimsalimie mume wa binti wa mtu yeyote. Simama mlangoni na viatu vyako miguuni, na kabla sijakuambia "karibu" niambie kilichoharibika. Kama ni hamuli, sema hamuli. Kama ni mtoto wa nyati, sema. Kama hakuna kilichoharibika, sema hakuna, na uniangalie machoni unaposema. Nikishakutukana ninavyojua, vua viatu, uingie ule.

Bibi yako Nabawiya.